Andika Jina Nyuma ya Picha



Nyumbani kwetu Ndungu kuna picha moja ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ile ile ambamo mama anahifadhi kadi zetu za kliniki na vyeti vya ubatizo. Ni picha nyeusi na nyeupe, imekunjika pembe moja. Vijana wawili wamesimama mbele ya pazia la studio lililochorwa minazi. Wamevaa mashati meupe, na suruali zao ni pana kuwazidi. Wa kushoto ni babu yangu mzaa baba. Wa kulia hatumjui.

Bibi alimjua. Nikiwa likizo ya kidato cha nne, jioni moja aliitoa picha hiyo akaanza: "Huyu walikuja naye kutoka Kigoma." Nikamwambia, "Bibi, utanisimulia kesho, nina mtihani." Kesho yake hakuna aliyekumbuka. Bibi alifariki mwaka 2021. Simu yenye kinasa sauti nilikuwa nayo mfukoni jioni ile, nikiitumia kusikiliza muziki.

Kwa wasioijua Ndungu, ni kwetu tambarare, chini ya milima ya Pare ya Kusini, upande unaotazama Mkomazi. Leo watu wanatufahamu kwa mpunga wa skimu ya umwagiliaji, lakini kabla ya mpunga kulikuwa na mkonge. Mashamba ya mkonge ya upande huu wa kaskazini mashariki yalivuta vijana kutoka mbali: Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi. Mwaka 1944 wakulima wakubwa wa mkonge walianzisha ofisi maalumu ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyowasafirisha kutoka mikoa ya mbali. Vijana hao waliitwa manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba yake. Alikuwa na kipande cha kuhesabia siku za kazi, na kipande kikijaa alilipwa. Wengine walirudi kwao. Wengine, kama babu, walioa na kubaki. Ndiyo maana mimi, ninayejiita mtoto wa Same, ni mjukuu wa Muha aliyeletwa kwa namba.

Siku ya mapumziko, babu na yule mwenzake walikwenda studio wakalipa fedha yao wapigwe picha. Sikuwahi kuelewa kwa nini kibarua wa mkonge atumie fedha yake kwa karatasi ya namna hiyo. Sasa naelewa. Shambani walikuwa namba, na pale mbele ya pazia walikuwa watu wawili wenye sura. Kosa ni letu sisi tuliobaki na picha bila kuandika chochote nyuma yake. Sura imebaki, jina limepotea, na kwa hiyo hatuna pa kuanzia kuitafuta familia yake Kigoma, ambayo huenda mpaka leo inajiuliza kijana wao aliishia wapi.

Naandika makala hii kwa sababu siku hizi tunazungumza sana juu ya diaspora na utamaduni wa watu weusi waliotawanyika duniani, na picha ni njia kubwa ya kuyahifadhi maisha yao. Nakubaliana na hilo. Lakini nina neno moja la kuongeza: picha ya mtu aliyetawanywa haijakamilika mpaka iwe na jina lake, na mpaka iwarudie watu wake. Bila hayo mawili, tunamchukua mara ya pili.

Mfano wangu haupo mbali na kwetu. Ukitoka Ndungu ukashuka Mkomazi, ukapita Mombo na Korogwe, unafika Handeni, nchi ya Wazigua. Katika karne ya 19, hasa nyakati za njaa kali, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Simulizi zao zinasema baadhi walidanganywa kwamba wanapelekwa mahali penye kazi na chakula, kumbe wanauzwa. Waliolimishwa huko kama watumwa walianza kutoroka kuelekea misitu ya Mto Juba, na simulizi hizo zinamtaja mwanamke kiongozi, Wanankhucha, aliyewaongoza. Walifyeka msitu wakalima mahindi na ufuta. Kizazi baada ya kizazi waliendelea kusema Kizigua, wakiwa wamezungukwa na Kisomali.

Kando ya mto huo waliishi pia watu wa asili nyingine: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wazao wa watumwa kutoka pande hizi zetu na nchi jirani. Leo wote kwa pamoja dunia inawaita Wabantu wa Somalia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1991, wao walikuwa na mavuno ghalani lakini hawakuwa na bunduki wala ukoo mkubwa wa kuwatetea. Waliporwa, wakauawa, wakakimbia. Wengi waliingia Kenya, kambi za Dadaab. Wengine walipanda vyombo vya baharini wakaja Tanga, nchi ambayo babu zao waliwasimulia kwamba ndiko kwao. Serikali yetu iliwapokea Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Waliobaki Kenya, Marekani ilikubali kuwachukua wapatao 12,000, na kuanzia mwaka 2003 walianza kusafirishwa kwenda miji ambayo hawakuwahi kuisikia.

Mmoja wa miji hiyo, ambao baadaye wengi wao waliuhamia, ni Lewiston, katika jimbo la Maine, kaskazini kabisa, kwenye theluji. Ni mji wa viwanda vya nguo vya zamani kando ya mto Androscoggin. Waliofanya kazi katika viwanda hivyo walikuwa kwa sehemu kubwa Wakatoliki wahamiaji kutoka Canada, wasemao Kifaransa, na ndio walioujengea mji huo Basilika ya Watakatifu Petro na Paulo. Nao walikuwa manamba wa aina yao.

Sasa sikilizeni habari ya picha. Miaka ya 1987 na 1988, kabla ya vita, mwanaanthropolojia Mmarekani Catherine Besteman aliishi katika kijiji cha Banta, bonde la kati la Mto Juba, pamoja na mume wake Jorge Acero, ambaye ni mpiga picha. Acero aliwapiga picha wanakijiji: wazee, akina mama, watoto. Vita vilipokuja, wawili hao walikuwa wamekwisha kurudi kwao, na kwa miaka mingi hawakujua nani yu hai. Besteman akawa mwalimu katika Chuo cha Colby, humo humo Maine. Mwaka 2006 alikutana na Wabantu wa Somalia waliohamia Lewiston, na katika mazungumzo ikagundulika kwamba baadhi yao ni watu wa Banta, wale wale aliowaacha mtoni. Mama aliyezikimbia risasi hakubeba albamu, kwa hiyo watu hao walikuwa wamefika Marekani bila picha za nyumbani. Picha zote za kijiji chao zilikuwa ndani ya maboksi, katika nyumba ya jirani, mwendo mfupi kwa gari.

Besteman alizitoa. Watu walizipitisha mkono kwa mkono. Waliwaona wazazi na ndugu zao, wakiwemo waliokufa vitani na njiani. Watu wazima walijiona wakiwa watoto. Watoto waliozaliwa kambini waliziona kwa mara ya kwanza sura za babu zao. Baadaye Besteman aliandika kitabu kuhusu safari yao, Making Refuge, kilichotoka mwaka 2016, na jumuiya yenyewe ilishirikiana na chuo chake kuandaa kumbukumbu ya maisha yao, ya zamani na ya sasa.

Nimeitafakari sana habari hii kanisani wakati wa adorasyo, nikijiuliza kwa nini inanigusa kuliko maonyesho mengi ya picha ninayoyaona mtandaoni. Nadhani ni kwa sababu zile picha zilikuwa na majina. Waliozipiga waliishi pale, walikula pale, walijua huyu ni mama wa nani na yule ni mjomba wa nani. Kisha zikarudi kwa wenyewe. Ingekuwa rahisi zibaki kwenye kitabu cha chuo na maelezo mafupi: "mwanamke wa bonde la Juba".

Maelezo ya namna hiyo tunayo mengi hapa kwetu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliofanya kazi Upareni mwanzoni mwa karne ya 20 walipiga picha nyingi, na leo sehemu kubwa ya hazina hiyo imewekwa mtandaoni katika hifadhi ya picha za kimisionari ya Chuo Kikuu cha Southern California. Ni wema mkubwa kwamba zimehifadhiwa, na sisi Wakatoliki tusijidai, kwa sababu picha zetu za zamani zina hali hiyo hiyo. Mara nyingi jina la padre limeandikwa vizuri na mwaka umeandikwa, lakini waliosimama pembeni yake ni "Wakristo wapya" au "watoto wa shule". Hao ndio bibi na babu zetu.

Watu weusi wa nchi nyingine waliliona tatizo hili mapema, wakashika kamera wenyewe. James Van Der Zee alikuwa na studio Harlem, New York, tangu miaka ya vita vya kwanza vya dunia. Aliwapiga picha maharusi, wanajeshi, wana vyama, hata marehemu ndani ya majeneza, ili familia zibaki na kumbukumbu. Vanley Burke alizaliwa Jamaica mwaka 1951, akaenda Birmingham, Uingereza, mwaka 1965, akiwa na mazoea ya kamera aliyozawadiwa na mama yake alipokuwa mtoto. Kwa miongo mingi aliwapiga picha majirani zake: ubatizo, mazishi, mechi za domino, maandamano. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika maktaba ya jiji hilo hilo, mahali ambapo waliomo kwenye picha wanaweza kuingia kwa miguu yao wakajiona. Hapo picha imebaki kwa watu wake.

Sisi wa Kanisa tuna nidhamu inayofanana na hiyo, na pengine hatuijui thamani yake. Fungueni kitabu cha ubatizo parokiani kwenu. Kila mstari una jina la mtoto, jina la baba na mama, msimamizi, tarehe, mahali na jina la aliyebatiza. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mkuu wa wilaya wana mstari ule ule. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868 walipokea watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto aliyepangiwa bei sokoni aliandikwa kwa jina. Tuseme ukweli wote hapa: mara nyingi jina lililoandikwa lilikuwa la mtakatifu wa Ulaya, na jina alilopewa na mama yake likafifia. Hilo nalo ni fundisho. Kuandika jina hakutoshi ikiwa hatumuulizi mwenyewe anaitwa nani.

Yesu katika Injili ya Yohane anajifananisha na mchungaji anayewaita kondoo wake kwa majina, kila mmoja kwa lake. Mwezi wa Novemba tunapeleka kanisani orodha za marehemu wetu ili wakumbukwe katika Misa. Hakuna anayeandika "marehemu kadhaa wa ukoo wetu" akaridhika. Tunataka kila jina lifike altareni.

Darasani mwaka huu tumesoma kidogo juu ya Emmanuel Levinas, aliyefundisha kwamba sura ya mtu mwingine inanidai wajibu kabla sijajua lolote juu yake. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Basi kama ni hivyo, jina la nini? Sura yenyewe inatosha." Nilimjibu kwamba sura inatosha kuamsha wajibu, lakini haitoshi kuutimiza. Sura ya yule kijana wa kulia inanidai kila nikifungua bahasha. Nifanye nini nayo? Nimpelekee nani salamu? Nimwombee kwa jina gani? Bila jina wajibu wangu unazunguka palepale.

Najua yapo maneno ya kunipinga, na mengine ni ya kweli.

Kuna wanaosema kwamba siku hizi tunapiga picha kupita kiasi, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Mimi naona kinyume. Simu ya kijana wa leo ina picha maelfu, na haina hata moja yenye maelezo. Simu ikiibiwa pale stendi, au ikitumbukia kwenye mfereji wa mpunga, miaka mitano ya familia imekwenda. Picha ya babu imeishi miaka zaidi ya 60 kwa sababu ni karatasi ndani ya bahasha.

Kuna wanaosema jina linaweza kumhatarisha mtu, hasa mkimbizi au aliye ughaibuni bila vibali. Hilo nalichukua kwa uzito wote. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna adabu: mwulize mtu kama anataka kupigwa, na kama anataka jina lake lionekane. Ninachosema ni kwamba jina liandikwe na litunzwe. Kulitangaza ni jambo lingine. Kitabu cha ubatizo hakibandikwi ukutani, lakini kipo, na anayestahili akikihitaji atakikuta.

Tena kuna wanaosema hii ni kazi ya watafiti na Wazungu. Lakini habari ya Banta inatisha kidogo ukiitazama kwa upande huu: kumbukumbu ya kijiji kizima ilitegemea wageni wawili kuwa waangalifu na waaminifu. Wasingekuwa hivyo, ingekuwaje? Hatuwezi kuwaachia wengine bahati yetu.

Na sasa nawageukia ndugu zetu walioko mbali. Kutoka vijijini kwetu wapo dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba. Wapo kaka zetu Marekani na Uingereza. Picha wanazotutumia kwenye kundi la ukoo tunazijua: amesimama mbele ya gari lisilo lake, au mbele ya jengo refu, amevaa miwani. Tunashangilia, halafu tunamtumia orodha ya ada na bati. Siwalaumu. Anayetoka nyumbani anatafuta heshima, kama babu alivyoitafuta mbele ya pazia la minazi. Ila namwomba dada aliyeko Muscat, kama hali yake inaruhusu: tuma pia picha ya jikoni unakopika, ya kitanda unacholalia, ya rafiki unayesali naye Ijumaa, kwa kuwa huko ndiyo siku yenu ya kupumzika. Andika chini yake ni nani na ni wapi. Mama ataijua sura yako ya kweli na ataacha kukuomba usichokuwa nacho. Na ikitokea siku umekwama, tutajua pa kuanzia kukutafuta.

Kwenu mafrateri wenzangu nina pendekezo la likizo ijayo. Tukienda parokiani tusiishie kufundisha watoto kipaimara na kucheza mpira na vijana. Tumwombe paroko atangaze kwamba baada ya Misa ya pili kutakuwa na meza nje ya kanisa, na wazee waje na picha zao za zamani. Kazi yetu ni kuuliza mambo matano: ni nani, ni wapi, ni lini, nani alipiga, na nani ametusimulia. Tuandike nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu, maana kalamu ya wino huweza kupenya na kuharibu upande wa mbele. Kisha tuipige picha kwa simu, pande zote mbili, na kuirudisha mkononi mwa mwenyewe saa ile ile. Tusibaki na picha ya mtu hata moja. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuendelea na kazi hii sisi tukirudi seminarini, na katekista wa kigango anawajua wazee kuliko sisi.

Mimi nilianza na bahasha ya mama. Nilikaa na shangazi zangu wawili mchana kutwa. Picha 31 tumezipatia majina, nyingine kwa ubishi mkubwa na vicheko. Ya babu tuliiacha mwisho. Shangazi mkubwa aliitazama muda mrefu, akasema anakumbuka tu kwamba baba yao alimwita "mwenzangu", na kwamba aliugua akafa kabla yeye hajazaliwa.

Nikachukua penseli nikaandika nyuma: jina la babu, kushoto. Studio haijulikani. Kulia, mwenzake, alitoka Kigoma, alifia mkonge. Tunamtafuta.

Na Novemba iliyopita, kwenye orodha yetu ya marehemu, chini ya jina la bibi niliongeza mstari mmoja: "Mwenzake babu." Paroko aliusoma vilevile ulivyo.